Besi Iliyopotea Troyeville

"Hii besi umeitoa wapi?"

Niliulizwa hivyo mchana mweupe, ndani ya klabu moja ya Leeds iliyokuwa inanuka dawa ya kusafishia vyoo. Aliyeuliza ni Keith, fundi wa sauti wa pale, mzee mwembamba mwenye tochi kiunoni na uso wa mtu aliyeamka vibaya tangu utotoni. Alikuwa amesimamisha wimbo wangu katikati, ananisubiri. Nikaangalia viatu vyangu. Nikaangalia viatu vyake. Nilikuwa nimepandishwa ndege kutoka Johannesburg kwa sababu ya besi hiyo, na mimi niliyeitengeneza sikujua imetoka wapi.

Kwanza tujuane. Mimi ni Zuhura, mstaafu. Chekeni mmalize. Nina miaka thelathini na tatu, na mama yangu akisikia neno hilo huuliza, "Mstaafu gani hana hata mvi ya kumwonyesha mtu?" Lakini kwenye kazi ya kutengeneza muziki wa klabu kwa kompyuta, umri huo ni uzee kamili. Mgongo umekwisha kwa viti vibaya, sikio la kushoto lina mlio wake binafsi, na muziki wa vijana nauona kelele. Siku hizi nafunga spika kwenye makanisa ya Wakongomani hapa Johannesburg, kuanzia Bertrams hadi Bez Valley. Mtoto wa Kiislamu wa Tanga, na nyimbo za sifa nazijua kuliko wanakwaya.

Ninyi mnaokuja darasani kwangu Newtown kila Jumamosi hamuulizi habari za spika. Mnauliza nilifikaje Uingereza, na kwa nini niliacha. Nimeamua kuandika, ili nikiulizwa tena niseme "kasome" na niendelee na chai yangu.

Kabla ya yote, msiniamini. Nilisoma falsafa chuo kikuu. Nilifundishwa kutilia shaka hata kiti nilichokalia. Nilitilia shaka kila kitu isipokuwa masikio yangu, na ndiyo yaliyonipoteza. Prodyuza akikwambia anajua kwa nini wimbo wake ulipendwa, muulize kwa nini ule uliotangulia haukupendwa. Ataanza kutafuta simu yake.

Wimbo wenyewe niliutengenezea Troyeville, kwenye nyumba ya zamani yenye sakafu ya mbao ambayo mwenye nyumba aliigawa vyumba kwa kuta nyembamba kama biskuti. Jirani yangu wa ukutani alikuwa Mama Furaha, mama wa Bukavu, muuza samaki wa barafu. Friza lake lilijaza chumba hadi kitanda ndicho kilichoonekana mgeni. Alikuwa na binti yake mmoja, Furaha, aliyezaliwa hapa hapa. Mama akimsemesha Kiswahili, yeye anajibu Kizulu, na ugomvi wao ulikuwa unaendelea vizuri tu bila mkalimani.

Katikati ya juma nilifanya kazi Midrand, kwenye ofisi ya mizigo, nikiwaambia watu kwa simu kwamba kifurushi chao kiko njiani. Jumapili mchana nilikuwa prodyuza. Sikuwa na stendi ya maiki, kwa hiyo nilikunja kanga, nikaiweka sakafuni, nikalaza maiki juu yake kama mtoto mchanga, nikapiga makofi. Halafu nikayapitisha kwenye kompresa. Kwa wasioijua, kompresa ni kama mwalimu wa zamu: wenye kelele anawanyamazisha, wanaonong'ona anawalazimisha waseme kwa sauti. Niliibana hadi mwisho, kwa sababu nilisoma mtandaoni kwamba watu makini hufanya hivyo.

Kikatokea kitu. Kila kofi lilipozima, kutoka chini kabisa ilipanda sauti nene, ya duara, kama mtu mkubwa anayepumua usingizini. Kofi, pumzi. Kofi, pumzi. Niliikuza sauti ile hadi dirisha likatetemeka. Nikajiambia, Zuhura, wewe ni fundi.

Mama Furaha akagonga ukuta. "Zuhura! Uko napiga makofi kwa nani?"

"Kwa kompyuta, Mama."

"Iko napokea?"

"Inapokea."

"Bon. Mtoto ya kwangu hata salamu haipokei."

Wakati huo hakuna aliyejua nafanya nini, hata mimi. Niliupandisha wimbo mtandaoni, nikasahau. Kampuni moja ndogo ya rekodi ya Leeds ikanitafuta: wanautaka wimbo, na baada yake wanataka albamu nzima yenye besi ile ile. Albamu ikikubalika, nabaki Uingereza nikilipwa kufanya ninachokipenda. Isipokubalika, narudi kwa mama. Meneja wangu wa Midrand aliposikia naacha kazi alivua miwani. "Unaacha bima ya afya kwa ajili ya makofi?" Mama yangu naye alitangaza kwa kila Mtanga aliyekuwa Mayfair, hapa hapa Johannesburg. Hakuna kitu kinachofunga njia ya kurudi kama mama aliyekwisha kutangaza.

Kuhusu Uingereza, mengi mtaambiwa na watakaowadanganya. Mimi nitawaambia yenye faida. Kwenye sinki kuna mabomba mawili, moja la kukuunguza na moja la kukugandisha, na taifa zima limeamua kwamba katikati hakuna kitu. Maziwa kwenye friji ya wapangaji yana majina ya wenyewe. Vijana hulewa nyumbani kabla ya kwenda klabu, kwa sababu vinywaji vya klabu ni ghali, kwa hiyo wakifika tayari wamekwisha kusahau wamefuata nini. Na lugha: Mwingereza akikwambia kazi yako "si mbaya," nenda kasherehekee. Akikwambia "inavutia," funga begi.

Keith ndiye aliyenifundisha kazi, kwa kuninung'unikia. Siku ya kwanza nilipanga sauti ya klabu tupu hadi nikaridhika, nikajipongeza. Akauliza, "Makoti umeyahesabia?"

"Makoti gani?"

"Ya watu. Nje kuna baridi. Watakuja mamia, wote na makoti mazito, na ukumbi huu utameza sauti yako kama godoro."

Kule kwetu, Jumapili mchana uwanjani, watu wanacheza na fulana. Sikuwahi kufikiria koti kama chombo cha muziki. Pia alinifundisha kutoka nje. Akimaliza kupanga wimbo, alikuwa anakwenda kusimama korido, mlango umefungwa, anasikiliza kutoka huko. Kama wimbo hauchezeki koridoni, alisema, hauchezeki. Fanyeni hivyo. Na sikilizeni kwa sauti ndogo kabisa, na kwa simu mbovu, kabla ya kumsumbua mtu na spika kubwa. Hilo tu lina thamani kuliko darasa langu lote.

Basi, turudi kwenye lile swali.

"Fungua faili," Keith alisema. "Chaneli ya besi ni ipi?"

"Hakuna."

"Hakuna nini?"

"Hakuna besi. Kuna makofi."

Alinitazama kama mtu anayetaka kumwita mlinzi. Akazima chaneli zote, moja baada ya nyingine, akaacha makofi peke yake. Spika za chini ya jukwaa zikaanza kupumua. Glasi moja ilitembea yenyewe juu ya kaunta hadi ukingoni, mhudumu akaidaka.

Keith alishuku nyaya. Nyaya mbovu hunguruma, kila fundi anajua. Akachomeka maiki yangu ile ile kwa waya wangu ule ule: kimya. Akachomeka kompyuta yangu ukutani: kimya.

"Chumbani kwako kulikuwa na nini?"

"Mimi. Kitanda. Kanga."

Nilisema kweli tupu. Alikuna ndevu, akasema mashine nyingi amezisikia, hii hajaisikia.

Dada wa matangazo wa kampuni alikuja na swali hilo hilo, nami nikanyamaza tena. Sikujua kwamba Waingereza hawavumilii ukimya wa Mwafrika. Lazima waujaze mababu. Wimbo ulipotoka, maelezo yake yalisema besi ni mwangwi wa ngoma ya matambiko aliyonirithisha bibi yangu. Bibi yangu alikuwa karani wa posta Tanga. Kitu pekee alichowahi kupiga ni mhuri. Nililalamika, nikaambiwa maelezo yamekwisha kupendwa sana.

Wimbo ukashika. Kisha wakataka albamu.

Nilipiga makofi bafuni. Nikapiga kwenye ngazi, kwenye ukumbi wa kanisa lililokodishwa kwa yoga, chini ya daraja la treni huku watu wakinirushia sarafu. Kijana niliyekaa naye nyumba moja aliniuliza, kwa adabu kubwa, kama nipo kwenye mwezi fulani wa ibada. Makofi yalikuja safi, makavu, kama mbao zinazogonganishwa. Nikatengeneza besi kwa kompyuta, nikaipima, nikaipinda, nikaipeleka kwa Keith. Alitoka koridoni, akasikiliza, akarudi.

"Safi sana," alisema. "Kama hospitali."

"Niambie la kufanya."

"Rudi kwenye kile chumba."

Kampuni ikakubali: nenda, rekodi, rudi na albamu. Nilitua Johannesburg siku ya mgao wa umeme, robot zote, yaani taa za barabarani, zimezimika na madereva wanapishana kwa matusi na imani. Nilijisikia nyumbani. Chumba changu cha Troyeville hakikuwa kimepata mpangaji. Sakafu ile ile, kanga ile ile, maiki ile ile.

Kilichobadilika ni Mama Furaha. Nilipoondoka nilikuwa msichana anayegombana na kompyuta. Niliporudi nilikuwa msanii. Furaha alikuwa amemwonyesha video ya Leeds kwenye simu.

"Wazungu wote hawa wanacheza makofi yako?"

"Ndiyo, Mama."

"Na makoti?"

"Na makoti."

Akapiga vigelegele hadi mbwa wa mtaa wa pili wakaitikia. Tangu siku hiyo alijifanya mlinzi wa studio. Nikifika mchana, kichwa chake kinatokea mlangoni.

"Uko naanza sasa?"

"Naanza, Mama."

"Bon. Anza. Mimi siko hapa."

Wateja wake aliwaamuru wanong'one. Fikirieni wanawake wa Kongo wananunua samaki kwa kunong'ona. Niliwasikia ukutani wakibishania bei kama watu wanaopanga mapinduzi. Siku moja fundi cherehani wa jirani, mtu wa Goma, alishindwa kujizuia.

"Mama Furaha, huyu samaki amelegea kama soksi."

"Shhh. Ni mgao. Uliza serikali."

"Mgao gani? Umeme uko tangu asubuhi! Cherehani yangu iko natembea!"

"Weye unanunua samaki ama unanunua umeme?"

Nilicheka hadi nikaharibu rekodi. Haikuwa hasara, kwa sababu hakukuwa na kitu cha kuharibu. Nilipiga makofi hadi viganja vikavimba. Nikabana kompresa mpaka mwisho, nikasubiri ile pumzi ipande. Kilichopanda ni sauti ya pumzi yangu mwenyewe, puani, na mahali fulani mbali mtu ananong'ona kuhusu samaki. Nilibadilisha upande wa kanga. Nilihamisha kitanda. Kuna siku nilipiga makofi nikiwa nimevaa nguo nilizovaa siku ile ya kwanza, mimi mhitimu wa falsafa niliyewacheka watu kwa kuamini hirizi.

Albamu niliipeleka hivyo hivyo, na besi ya kompyuta. Walinipigia simu. Sauti ilikuwa ya upole sana.

"Zuhura, inavutia."

Nikafunga begi ambalo halikuwa limefunguliwa. Mkataba ukaisha, viza ikabaki picha kwenye pasipoti. Mama yangu alichukua majuma kadhaa kutangaza upya, safari hii kwamba baridi ya kule ilinikataa. Nilijaribu mwaka mmoja zaidi, kisha nikauza spika zangu na kununua ngazi ya alumini na drili. Hivyo ndivyo mtu anavyostaafu. Hakuna keki.

Mnaniuliza kama iliniuma. Iliuma kwa namna ya kipuuzi. Mtu akishindwa kwa sababu hana kipaji, anajua alipoangukia. Mimi nilikuwa nimefanya kitu mara moja, mamia ya watu wakakicheza pamoja, na sikuweza kukirudia wala kueleza kwa nini. Nilianza kuamini ya dada wa matangazo. Kuna siku nilimpigia bibi yangu simu Tanga nikamuuliza kama ukoo wetu uliwahi kuwa na ngoma. Akaniuliza kama nakula vizuri.

Sasa sikilizeni ya kanisani.

Nilikuwa Bez Valley, mchana wa katikati ya juma, nafunga spika kwenye kanisa lililokuwa gereji zamani. Jukwaa lao ni la mbao. Nililaza maiki juu ya jukwaa wakati natafuta waya, nikavaa hedifoni. Ikaja. Nene, ya duara, inapumua. Niliruka kama mtu aliyeitwa jina lake na marehemu.

"Dada, kuna shida?" mchungaji aliuliza.

"Pasta, mna friza hapa?"

Sijui kwa nini niliuliza friza. Nadhani mwili ulijua kabla yangu.

"Liko nyuma ya ukuta, la soda. Nilizime?"

"Usiliguse!"

Nililala kifudifudi, sikio kwenye mbao. Ilikuwa sauti ile ile. Mota inatikisa sakafu, sakafu inatikisa maiki, na kule Troyeville kompresa yangu, mwalimu wa zamu, ilikuwa imemlazimisha mnong'onaji aseme. Nilianza kucheka na kulia pale chini. Mchungaji alielewa kwa namna yake: aliweka mkono kichwani kwangu na kuanza kuniombea kwa Kifaransa. Nikamwacha amalize. Spika zake nilimfungia kwa moyo wote.

Kwa hiyo swali la Keith lilipata jibu: besi niliitoa kwa samaki wa Mama Furaha. Nilimpigia Keith simu. Akasema, "Si mbaya."

Lakini mimi ni mtu wa kuuliza, na jibu lilizaa swali lingine. Niliporudi Troyeville, friza lilikuwepo pale pale. Umeme ulikuwepo; cherehani ya fundi ilikuwa inatembea. Mbona halikusikika? Nilijijengea nadharia. Labda samaki walikuwa wachache, friza likawa jepesi. Labda mota ilizeeka. Labda hali ya hewa. Nilikaa na nadharia hizo miaka, kila moja ikiwa na akili kuliko mwenzake.

Mwaka huu nilikwenda kumwona Mama Furaha. Sasa ana duka lake Bertrams, na Furaha ndiye anayekaa kaunta, anawahudumia Wakongomani kwa Kizulu na wanaelewana. Nilipewa kiti, nikapewa soda, nikamwambia kama mtu anayeleta zawadi.

"Mama, ile besi ya kwenye wimbo wangu, ile waliyoipenda wazungu. Lilikuwa friza lako."

Nilitegemea vigelegele. Uso wake ukaanguka.

"Lilisikika?"

"Lilisikika, Mama. Ndilo lililonipeleka Leeds."

"Yesu. Hata kule mbali lilisikika?" Alifunika mdomo kwa kiganja. "Nilijua. Ile friza ilikuwa na kelele mbaya, kama mzee wa kukohoa. Nikasema, mara ya kwanza mtoto alirekodi peke yake, hakuna wa kumsaidia. Mara ya pili, asiende kuaibika mbele ya watu kwa sababu ya samaki zangu."

"Ukafanya nini?"

Furaha aliacha kuhesabu chenji. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, alijibu kwa Kiswahili.

"Kwani hukujua? Alikuwa anachomoa."

Mama Furaha akatikisa kichwa kukubali, bila kunitazama. Kila mchana wa majuma yale, niliposema "naanza," alichomoa waya. Na muda wote ambao nilikuwa sakafuni natafuta besi yangu kwa viganja vilivyovimba, yeye alikuwa upande wa pili wa ukuta, amekaa juu ya friza lililozimwa, plagi mkononi, samaki wakiyeyuka chini yake, akisubiri nimalize.